Kamati ya Mazishi ya Prudence

Mfuko wangu niliuita Sajini. Ninamtaja kabla ya kujitambulisha mimi mwenyewe kwa sababu hata mbele ya watu ndivyo ilivyokuwa: yeye alisikika kwanza, mimi nikafuata na kuomba radhi.

Kama umeambiwa wiki hii kwamba una saratani ya utumbo, kwamba utapasuliwa, na kwamba kwa miezi kadhaa choo chako kitatokea tumboni na kuingia kwenye mfuko uliobandikwa kwenye ngozi, basi wewe ndiye ninayekuandikia. Mambo ya dawa muulize daktari wako. Mimi ni mkaguzi wa hesabu katika kampuni moja pale Sandton, Johannesburg, na kuhusu miili ya watu najua mmoja tu, wangu, tena kwa shida. Ninachoweza kukupa ni yale ambayo mimi sikuambiwa. Mfuko huongea. Hauna ratiba, hauna adabu, na unapenda sana watu wakinyamaza. Nilipotoka hospitali mchungaji wetu alikuja kuniona nyumbani, mtaa wa Observatory. Alifumba macho, akatulia kidogo kabla ya kuanza kuomba, na katika utulivu ule mfuko ukatoa sauti ndefu ya kupanda na kushuka. Mchungaji ni mtu mwenye heshima zake, alisema "Amina" na kuendelea.

Usijali. Utazoea, na watu wanaokupenda watazoea kabla yako.

Jina la Sajini lilitoka kwenye televisheni. Mume wangu, Mutua, ni fundi wa lifti. Kitu kikiharibika hukifungua, huingia chini gizani, na hutoka na grisi mikononi na kitu kikifanya kazi. Mimi hakuweza kunifungua, daktari alikuwa ameshamtangulia. Basi akawa anazunguka nyumba akitafuta cha kutengeneza. Alimaliza vitasa, akamaliza bomba, akaanza kulitazama paa kwa jicho baya. Jumamosi moja alitoka akaenda kwenye soko la vitu vya mitumba katika kanisa la hapo mtaani, akarudi na boksi la DVD na mashine ya kuzichezea, na uso wa mtu aliyepata dawa.

Ilikuwa tamthilia ya zamani ya upelelezi ya Waingereza, ile ya Inspekta Tadlow, ya wakati ambao mimi bado nilikuwa mtoto wa shule Machakos. Tadlow ni mzee mwenye baiskeli na mafua yasiyoisha. Msaidizi wake ni Sajini Pym, kijana mzuri ila hajui wakati wa kunyamaza. Mshukiwa akifikia pale pa kutaka kufungua moyo, Pym anauliza kama kuna biskuti zaidi. Unaona sasa jina lilivyokuja. Mwanetu Mumo, anayesoma Cape Town na ambaye anaelewa Kiswahili chote ila anajibu kwa Kiingereza, alicheka sana kwenye simu na kuuliza kama tutanunua na gramafoni pia.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini mwanamke wa Ukambani aliyelazwa kwenye sofa la Johannesburg ashikwe hivyo na vifo vya Wazungu wa kijijini. Nadhani ni kwa sababu hakuna anayekimbia. Mtu anakufa mapema kabisa, hata hujamzoea, na baada ya hapo kilichobaki ni watu kukaa kwenye viti, kungoja zamu yao, na kujibu swali lile lile mara ya tatu kwa mtu mpya aliyeshika kalamu. Hayo yalikuwa maisha yangu hasa. Tofauti ni kwamba wao waliletewa chai kwenye vikombe vya maua, na mvua yao ilinyesha polepole, si kama hii yetu inayokuja mchana na radi zake na kung'oa bati la jirani.

Lakini sababu kubwa ilikuwa ule mwisho. Kila hadithi Tadlow huwakusanya wote sebuleni, anapenga kamasi, kisha anasema ni nani. Mimi nilikuwa nimemuuliza daktari wangu ni nani. Sikusema hivyo, lakini ndicho nilichotaka kujua: ni chakula gani nilichokula, ni nani kwetu aliyeniachia damu hii, au ni ile miaka ya kula mchana mbele ya kompyuta? Daktari, mama mpole mwenye miwani mikubwa, alisema haijulikani na pengine haitajulikana kamwe. Niliudhika sana. Nilirudi nyumbani nikaweka Tadlow, nikapata angalau muuaji mmoja kabla ya kulala.

Tuliangalia pamoja, Mutua na mimi. Yeye alikuwa na tabia yake. Dakika chache tu baada ya maiti kuonekana alishatoa hukumu, na hukumu ilikuwa moja siku zote: ni padri. Padri asipokuwepo, ni mtunza bustani. Tulibishana kwa raha, na kwa kweli ndiyo mazungumzo marefu pekee tuliyokuwa nayo miezi ile, kwa maana kuhusu ugonjwa wenyewe alikuwa haongei. Aliniuliza kama nimekula, kama mfuko umejaa, kama blanketi zinatosha. Basi. Halafu Tadlow akianza tu kuwakusanya watu sebuleni, Mutua anasimama. Anaenda kuangalia geti. Anaenda kuangalia gisa, lile tangi la maji moto. Siku moja alikwenda kuangalia kama gari limelowa, na jua lilikuwa linawaka.

"Utaniambia," husema akiwa mlangoni.

Nilidhani ni kiburi, kwamba hapendi kukutwa amekosea kuhusu padri. Ningemsamehe hilo. Lakini hospitali alifanya vilevile. Tunaingia kwa daktari wote wawili, tunakaa, tunasalimiana, na daktari akigusa tu faili, Mutua anakumbuka parking. Lazima akalipe tiketi sasa hivi, mashine ni moja, watu watajaa. Anaondoka na kofia yake ya bluu ya kazini, na mimi nabaki na kiti kitupu pembeni yangu. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa peke yangu kwamba ni saratani. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa peke yangu kwamba kemo, ile dawa kali ya saratani, ni lazima. Anarudi nikiwa tayari nimeshasimama, amenawa uso, kola imelowa, na jibu lake ni moja.

"Kulikuwa na foleni."

Ninasema wazi kwamba nilimkasirikia. Usiku wa kuogopa nilikuwa nao wa kutosha, na huyu mtu nilikuwa nimeolewa naye ili niogope naye. Kwa hiyo kati ya yote niliyoyataka mwaka ule, kupona kukiwa la kwanza, la pili lilikuwa hili: siku ya majibu ya mwisho, baada ya kemo yote, Mutua awe kwenye kile kiti.

Kemo ilianza baridi ilipoanza, na kama ungeniuliza, huo ni upangaji mbaya. Dawa niliyopewa ilifanya kitu chochote cha baridi kinichome vidole. Kufungua friji nilivaa glavu za kuteleza kwenye theluji ambazo Mutua alizitoa sijui wapi. Maji ya bomba yaliniuma koo kana kwamba nameza pini. Watu wa nyumbani hawajui baridi ya Julai ya Johannesburg, ile kavu inayoingia ndani ya nyumba na kukaa na wewe, na mimi nilikuwa nikisitasita hata kushika kitasa. Nywele hazikuanguka zote, zilipungua tu, zikabaki za kutia huruma. Kucha zikawa na mistari. Mdomoni kila kitu kilikuwa na ladha ya sarafu, hata ugali.

Kwenye chumba cha dripu nilikaa karibu na gogo mmoja, ndivyo bibi anavyoitwa huku, wa mtaa wa Turffontein, aliyekuja kila mara na blanketi mbili, moja yake na moja ya yeyote atakayekuwa amesahau. Nikamwambia habari za Tadlow. Kumbe aliiona yote zamani, na alikumbuka kila muuaji. Ilibidi nimwombe kwa heshima zote anyamaze. Alicheka mpaka nesi akaja kuangalia mrija wake, na baada ya hapo kila akiniona alinifumbia jicho moja bila kusema kitu. Blanketi yake ilinisaidia kuliko ninavyoweza kueleza.

Sasa nifike kwa Prudence.

Kanisa letu lina ushirika wa akina mama, Wakenya wengi wetu, na kiongozi wetu ni Mama Wambui. Anafanya kazi benki. Ni mwanamke anayeweza kuunda kamati kabla mtu hajamaliza kupiga chafya. Alinipigia simu jioni ya siku ya kemo, wakati kichwa changu kilikuwa bado kinaelea na hadithi mpya ilikuwa imefika nusu na kunishinda. Aliniuliza habari. Nasikia nilimjibu hivi, mimi sikumbuki vizuri: kwamba niko salama, ila Prudence ametutoka. Kwamba aliwekewa kitu kwenye chai. Kwamba mimi nafikiri ni mumewe. Kisha nikalala na simu mkononi.

Jumamosi walikuja. Tulizoea kuja kwao, lakini safari hii walikuja wengi, wamejifunga leso za giza, wakiwa na sufuria za pilau na chapati zinazotosha mtaa. Waliingia wakisema pole kwa sauti ya chini. Niliogopa. Nilidhani daktari amewaambia wao kitu ambacho hajaniambia mimi. Mutua alikwenda jikoni kutengeneza chai.

Mama Wambui alikaa karibu nami, akanishika mkono.

"Mama Mumo, pole sana na Prudence. Hatukutaka kukusumbua na hali yako, kamati tumeshaunda. Tunataka kujua kitu kimoja tu. Marehemu alikuwa wa kaunti gani? Maanake lazima tujue mwili utashukia Nairobi ama Eldoret."

Kama wewe si wa kwetu, nikueleze kidogo. Mkenya akifa huku ugenini hazikwi huku. Anarudishwa kwao, na kurudishwa huko kunataka mwenyekiti, katibu, mweka hazina na mtu wa ubalozi, na yote hayo yanaundwa kabla machozi hayajakauka, kwa sababu kila mmoja anajua kesho inaweza kuwa zamu yake. Hatumwulizi mtu alikuwa anatujua au hapana. Inatosha kwamba ametajwa. Prudence alikuwa ametajwa.

Kichwa changu kilikuwa kizito. Kwa muda nilifikiri kwa dhati Prudence ni wa kaunti gani.

"Na yule mumewe," alisema mweka hazina, mama mtulivu ambaye sijawahi kumwona na hasira, "yeye hatapanda hiyo ndege. Hilo tumeshalipitisha."

Hapo nikasikia vikombe vinagongana. Mutua alikuwa amesimama mlangoni na trei, na trei ilikuwa inatetemeka. Aliinama taratibu, akaiweka sakafuni, akakaa pembeni yake na kuegemea ukuta. Alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti kwanza, kisha kwa sauti, akijipigapiga goti, na mimi nikatambua sijausikia huo mcheko tangu kabla ya upasuaji. Nikaanza na mimi. Mshono uliniuma na sikujali. Sajini naye, ingawa sasa hakuna aliyenyamaza, alitumia nafasi yake vilevile.

Nikawaeleza. Prudence ni mtu wa televisheni, nikasema. Aliuawa wakati baadhi yenu hamjazaliwa, katika kijiji chenye mto mdogo na bata.

Katibu alitazama simu yake, ambamo nadhani mtu wa ubalozi alikuwa bado anasubiri jibu. Mama Wambui alitazama viatu vyake kwa muda mrefu. Ni mwanamke ambaye hajawahi kuvunja kamati.

"Lakini amekufa?" aliniuliza hatimaye.

"Amekufa."

"Basi hatujakosea. Tuonyeshe marehemu."

Tukarudisha hadithi mwanzo. Walikula pilau na kuwafuatilia wale Wazungu kwa macho ambayo mimi nimeyazoea kazini wakati wa ukaguzi. Hawakuridhika na chochote. Kwa nini chai ameimimina mume, wakati kuna mtumishi? Kwa nini dada wa marehemu amepiga pasi nguo ya msiba mapema hivyo? Mweka hazina alisema mwanamume asiyegusa jeneza ana jambo. Mutua aliwaambia ni padri, na walimtazama kwa kumhurumia.

Kisha Tadlow akawaita wote sebuleni. Mutua akasimama, akapapasa mfuko wa suruali, akasema anaenda kuangalia geti.

Mama Wambui hakugeuza hata kichwa.

"Keti, Baba Mumo. Hatujafunga na maombi."

Kwetu hilo ni neno zito. Mtu haondoki kikaoni kabla ya maombi ya kufunga, hata basi likipiga honi nje. Mutua alikaa. Alikaa ukingoni mwa sofa, pembeni yangu, amebana mto wa kiti kwa mikono miwili. Nilimtazama yeye, sikuitazama televisheni. Tadlow alipopenga kamasi, Mutua alifumba macho. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, katikati ya baridi ile. Ndipo nilipoelewa kwamba habari haikuwa padri. Mume wangu aliogopa ile sekunde moja kabla ya mtu kusema. Nikamshika mkono kwa vidole vyangu vyenye ganzi, na tukavuka hiyo sekunde.

Alikuwa ni dada. Kamati ilifadhaika, maana ilikuwa imemhukumu mume kwa kauli moja, na katibu akaomba iandikwe kwamba tunamtaka radhi. Tukafunga na maombi. Mama Wambui alimwombea Prudence apumzike, akaniombea mimi nipone, na akamwombea Inspekta Tadlow mafua yake yaishe. Tangu siku hiyo wakaja kila Jumamosi. Zamani walikuwa wanaomba saa nzima, sasa waliomba kwa kifupi na kuuliza nani amekufa leo. Kwa mgonjwa hiyo ni rehema kubwa, na nakushauri uitafute ya kwako popote ilipo.

Majibu yalikuwa Oktoba, jakaranda zikiwa zimeangusha maua yake ya zambarau barabara nzima. Picha zilikuwa zimepigwa wiki iliyotangulia. Zikiwa safi, utumbo utaunganishwa na Sajini ataondoka. Zisipokuwa safi, daktari alishasema tutakaa tuzungumze, na mimi nilishajua mazungumzo ya namna hiyo. Tuliingia. Tulikaa. Tulisalimiana. Daktari aliweka mkono juu ya faili na Mutua akatoa tiketi mfukoni.

"Ngoja nikalipie park..."

"Keti, Baba Mumo," nikasema. "Hatujafunga na maombi."

Alikaa. Daktari aliuliza kwa Kiingereza nimesema nini, nikamtafsiria, na kwa kuwa ni mtu wa adabu alidhani tunaomba nafasi ya kusali. Akavua miwani, akainamisha kichwa, akangoja. Chumba kizima kilikuwa kimya, na bila shaka unajua nani alizungumza. Alizungumza kwa kirefu.

Mutua akakohoa.

"Daktari, tafadhali, anza na mwisho."

Daktari akavaa miwani yake. Alisema ni safi. Alisema hajaona kitu, si kwenye ini, si kwenye mapafu, si popote, na kwamba mfuko unaweza kuondolewa kabla ya Krismasi. Akaendelea kueleza, lakini akili zetu zilikuwa zimeshatoka chumbani. Mutua alikuwa ameinama mpaka magotini, uso ndani ya kofia ya bluu, mabega yakipanda na kushuka. Daktari alimsogezea boksi la karatasi laini na kutazama dirishani. Mimi sikulia. Nilijisikia mwepesi na mjinga, na nilitaka kufanya kitu chochote cha kawaida. Nikachukua tiketi mkononi mwake, ilikuwa imekunjwakunjwa mpaka ikalegea. Nikamwambia nakwenda kulipia parking.

Mashine iko chini kabisa, kwenye ukuta wa saruji, na pembeni yake kuna bomba la maji. Mlinzi alikuwa Mkongomani, mwanamume mrefu mwenye koti la njano. Alikuwa ametuona pamoja siku za nyuma, na akanisalimia kwa Kiswahili.

"Mama, ule papa wa kofia ya bulu hakuye leo?"

Papa kwao ni baba, nikajua anamtaja Mutua, nikamwambia yuko juu. Nikamuuliza anamjulia wapi.

"Ule anakuyaka hapa kila mara," alisema. "Anasimama pa hii mashini, analia. Analia sana, mama. Watu ba nyuma banakasirika, miye nabaambia bangoje, muache papa amalize. Kiisha analipa, ananawa pa ile bomba, ananiambia asante kaka, anapanda."

Nikaitazama mashine. Nikalitazama bomba. Foleni ilikuwa ya kweli basi, kila mara ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa imesimama nyuma yake. Na mimi niliyemaliza boksi zima la Tadlow, niliyeona uso uliooshwa na kola iliyolowa tangu mwezi wa tatu, sikuwa nimejua lolote.

Hapo ndipo nililia. Nililia nimeegemea ile mashine, tiketi ikiwa nusu ndani, na mtu mmoja nyuma yangu akauliza kama imeharibika. Nilimsikia mlinzi akimwambia kwa Kiingereza, kwa upole, kwamba haijaharibika, angoje kidogo. Nilipomaliza nikalipa. Nikanawa pale bombani, maji yakanichoma vidole. Nikamwambia asante kaka, nikapanda.

Mutua alikuwa amekaa kwenye benchi la nje ya mlango wa daktari, kofia kichwani, akinitafuta kwa macho. Akasema nimechelewa.

"Kulikuwa na foleni," nikamwambia.

Alinitazama usoni. Akaitazama kola yangu iliyolowa. Kisha akatoa kitambaa chake mfukoni, ambacho bado kilikuwa na maji ya machozi yake, akanipa.